Kufundisha na Kutafiti Filamu na Televisheni: Mwongozo Kamili kwa Kijana wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa kijana wa Mtwara au Lindi anayetaka kufanya kazi ya kufundisha na kutafiti filamu na televisheni katika chuo kikuu. Kazi ya kuigiza, kuongoza au kupiga picha haizungumzwi hapa, ingawa mara nyingi itakutana na hii tunayoizungumza. Mwanataaluma wa filamu huuliza filamu ilitengenezwaje, nani aliilipia, nani aliitazama, wapi na kwa masharti gani, na iliwaambia nini watazamaji wake. Kisha huandika majibu kwa ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuukagua. Wengi hudhani kwamba swali la utafiti hutafutwa baada ya shahada ya pili au ya tatu. Mimi naamini kwamba anayetoka Kusini anapaswa kuanza na swali, kwa sababu analo mlangoni kwake, na shahada zitakazofuata zitakuwa nyenzo za kulijibu.

Ijue kazi kabla ya kuitafuta

Ngazi za wanataaluma katika vyuo vikuu vya Tanzania huanzia kwa Mkufunzi Msaidizi mwenye shahada ya kwanza. Hufuata Mhadhiri Msaidizi mwenye shahada ya umahiri, Mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, na hatimaye Profesa. Matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vya umma kwa kawaida hudai GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na isiyopungua 4.0 katika umahiri. Weka namba hizo mbili kichwani tangu wiki ya kwanza ya chuo. Daraja la pili la juu huanzia 3.5, na wahitimu wengi hufurahia daraja hilo bila kujua kwamba mwenye 3.6 hawezi hata kuitwa kwenye usaili wa nafasi ya Mkufunzi Msaidizi, hata kama ana filamu fupi nzuri kiasi gani mkononi. Alama za mwaka wa kwanza zinaingia katika hesabu ya mwisho, kwa hiyo mwaka huo hauna ruhusa ya kuwa wa kuzoea mazingira.

Idara zenye jina la filamu nchini ni chache. Matokeo yake ni kwamba watu wengi wanaoandika kuhusu filamu wameajiriwa katika idara za fasihi, Kiswahili, mawasiliano ya umma, historia au sanaa za maonyesho. Chagua mapema mguu wako wa pili, yaani somo jingine ambalo unaweza kulifundisha kwa uhakika, na ulisome kwa uzito uleule. Mtu anayeweza kufundisha nadharia ya fasihi asubuhi na uchambuzi wa filamu mchana ana nafasi kubwa zaidi kuliko anayesubiri idara moja au mbili zitangaze nafasi.

Mlango wa kuingilia chuo

Kwa mhitimu wa kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hudai ufaulu mkuu katika masomo mawili wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo alama A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Hicho ni kima cha chini, na kila programu huweza kuongeza masharti yake. Tahasusi za lugha na sayansi za jamii, kama HKL, HGL na HGK, zinafaa kabisa, na mwanafunzi wa Ndanda au wa shule nyingine yoyote ya Kusini asihisi kwamba amechelewa kwa kuwa shuleni kwake hakuna somo la sanaa. Mwenye stashahada huingia kwa GPA isiyopungua 3.0, na kwa wanaopenda njia hiyo, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ni mahali pa heshima pa kuanzia.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya kwanza ya filamu na televisheni, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina programu inayounganisha sanaa za maonyesho na filamu. Soma kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU cha mwaka unaoomba, kwa sababu majina ya programu na masharti hubadilika. Maombi ya mkopo wa HESLB yaandae kabla ya dirisha kufunguliwa, hasa uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kupitia RITA, ambao huwakwamisha wengi wanaokumbuka katika siku za mwisho.

Kuna mlango wa pili ambao walimu wengi hawauoni. Mwalimu wa Kiswahili, Kiingereza au historia anayefundisha Newala, Ruangwa au Kilwa, na aliyehitimu kwa GPA nzuri, anaweza kusoma umahiri wa fasihi au historia kisha tasnifu yake ikahusu filamu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo Mtwara na Lindi, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kilichopo Mtwara kimejikita katika ualimu, kwa hiyo shahada ya kwanza ya msingi huweza kupatikana bila kuhama mkoa. Kinachohitajika ni msimamizi anayekubali mada, na mwombaji anayeweza kumshawishi kwa maandishi.

Jifunze kutazama ukiwa na kalamu

Ujuzi wa kwanza wa taaluma hii ni kutazama polepole. Mtazamaji wa kawaida hufuata kisa. Mtafiti hufuata kisa pamoja na namna kinavyojengwa. Zoezi lifuatalo halihitaji zaidi ya simu, daftari na uvumilivu.

Chukua onyesho la dakika mbili kutoka kwenye tamthilia yoyote ya Kiswahili, kwa mfano ugomvi wa mkwe na mama mkwe sebuleni. Chora jedwali lenye safu sita: namba ya shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa, muda wake kwa sekunde, ukubwa wa picha, mwendo wa kamera, sauti, na tendo. Tazama onyesho hilo mara ya kwanza bila kuandika. Mara ya pili simamisha kila picha inapobadilika na ujaze jedwali. Mara ya tatu zima sauti, na mara ya nne geuza simu kifudifudi usikilize tu.

Utaanza kuona mambo ambayo mara ya kwanza yalikupita. Huenda wakati mama mkwe anatukana, kamera inabaki kwenye uso wa mkwe, na tusi tunalipokea pamoja naye. Huenda muziki wa huzuni unaanza sekunde tatu kabla ya neno lenyewe, hivyo mtazamaji ameshaambiwa ahuzunike kabla ya kuwa na sababu. Huenda shoti zinafupika kadiri sauti zinavyopanda, kutoka sekunde nane hadi mbili. Angalia pia sebule yenyewe: makochi, mapazia, kabati la vyombo, televisheni ukutani. Nyumba ya nani hii? Ni mtu wa kipato gani anaweza kuwa nayo, na ni watazamaji wangapi wa Nanyumbu au Liwale wanaishi katika nyumba inayofanana nayo? Hapo uchambuzi wa picha umeanza kugusa jamii, na hapo ndipo kazi ya mwanataaluma inapoanza kuwa na thamani kwa wengine.

Fanya zoezi hilo kila wiki na uhifadhi majedwali yote. Ukifika mwaka wa tatu utakuwa na hazina ya maonyesho uliyoyachambua kwa mkono wako, na insha zako za darasani zitakuwa na ushahidi pale ambapo za wenzako zina maoni.

Sambamba na hilo, jenga lugha. Vyuo vikuu vyetu hufundisha masomo mengi kwa Kiingereza na majarida mengi ya kimataifa huchapisha kwa lugha hiyo, kwa hiyo Kiingereza cha kuandika hakikwepeki. Hata hivyo andika maelezo yako ya uwandani kwa Kiswahili, na kama unajua Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, andika maneno ya watu kama walivyoyasema kabla hujayatafsiri. Tafsiri ya haraka hupoteza ushahidi ambao baadaye huwezi kuurudisha.

Swali liko nyumbani

Historia ya filamu nchini imeandikwa kwa sehemu. Tunajua kuhusu mradi wa kikoloni wa Bantu Educational Kinema Experiment uliofanya kazi Vugiri, mkoani Tanga, kati ya mwaka 1935 na 1937, ukitengeneza filamu za kuwafunza Waafrika kilimo, afya na kodi. Tunajua kuhusu Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1968. Tunajua kwamba Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Mtafiti Laura Fair ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2018, kuhusu watazamaji na wenye majumba ya sinema katika miji ya Tanzania, na ukikisoma utaona ni kiasi gani cha historia kinaweza kutolewa katika kumbukumbu za watu wa kawaida wakiulizwa vizuri. Upande wetu wa Kusini bado una nafasi kubwa, na zifuatazo ni mada ambazo kila moja inaweza kubeba tasnifu.

Ya kwanza ni vibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video na mpira kwa kiingilio. Katika kibanda cha mabenchi ya mbao pale Masasi au Mtama, filamu ya Marekani, India, China au Korea haitazamwi kama ilivyotoka kiwandani. Inatazamwa ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, ambaye hufupisha mazungumzo, huwapa wahusika majina mapya, huongeza utani na mara nyingine hutoa hukumu kuhusu tabia zao. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, ameandika kwa kina kuhusu watafsiri wa aina hiyo nchini, hasa Lufufu wa Dar es Salaam, na kazi yake inakupa mahali pa kusimama. Swali lako linaweza kuwa dogo kuliko lake na bado likawa jipya: watoto wa Kusini wanaelewa nini, na watu wazima wanakataa nini, katika maneno ya mtafsiri?

Katika kibanda kuna chanzo cha ushahidi ambacho hufutwa kila siku, nacho ni ubao wa ratiba mlangoni ulioandikwa kwa chaki. Omba ruhusa kwa mwenye kibanda, kisha upige picha ubao huo kila siku kwa miezi mitatu, ukihakikisha tarehe imehifadhiwa. Kutokana na picha hizo utaweza kuhesabu filamu zilitoka wapi, mpira ulichukua jioni ngapi, kiingilio kilipanda lini na kwa sababu gani, na filamu gani ilirudiwa kwa maombi ya watu. Hakuna maktaba duniani iliyo na takwimu hizo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliye likizo nyumbani anaweza kuzitengeneza kwa simu yake.

Ya pili ni kumbukumbu za wazee kuhusu sinema za zamani, zikiwa ni zile za mjini na zile zilizoletwa vijijini kwa gari la sinema na kuonyeshwa kwenye shuka jeupe. Hii ndiyo mada ninayoisisitiza kuliko zote, kwa kuwa watu walioziona wakiwa vijana wanazidi kupungua.

Ya tatu inatazama ng'ambo ya Ruvuma. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda, katika uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji. Baada ya uhuru wakazi waliigiza tukio hilo kila mwaka mahali palepale, na Ruy Guerra akarekodi igizo hilo katika filamu ya Mueda, Memória e Massacre ya mwaka 1979, inayohesabiwa kuwa miongoni mwa filamu ndefu za kwanza za Msumbiji huru. Familia nyingi za Mtwara, Newala na Lindi zina asili au ndugu upande ule. Je, wao wanaikumbuka Mueda kwa namna gani, na wakionyeshwa filamu hiyo leo watasema nini? Nachingwea nayo ilikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ambacho kiliwaalika watengenezaji filamu wa nje waje kurekodi mapambano. Anayetaka mada hii ajifunze Kireno. Ajue pia kwamba Taasisi ya Taifa ya Sinema ya Msumbiji, iliyokuwa ikitoa filamu za habari za Kuxa Kanema, iliungua mwaka 1991 na sehemu ya hazina yake ikapotea, jambo linaloongeza uzito wa kumbukumbu za upande wetu. Kwa hali ya usalama wa Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ilipo Mueda, tangu mwaka 2017, mtafiti anayeanza afanye kazi upande wa Tanzania, na hapo pekee pana kazi ya kutosha.

Nyingine nazitaja kwa ufupi: namna televisheni zilivyoripoti mgogoro wa bomba la gesi la Mtwara mwaka 2013, uhusiano wa malipo ya korosho na ununuzi wa televisheni na ving'amuzi vijijini, na kazi za wapiga video wa harusi na ngoma, ambao kwa hakika ndio watengenezaji picha wenye watazamaji wengi zaidi katika baadhi ya kata zetu.

Kwenda uwandani

Utafiti wa mwanafunzi aliyesajiliwa huanza na barua ya chuo. Katika vyuo vikuu vya umma, ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo hutoa kibali cha utafiti kwa wanafunzi na wanataaluma wake, na barua hiyo huelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka mkoani unapewa barua ya wilaya, kutoka wilayani unakwenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Usiruke ngazi hata kama mtendaji ni mjomba wako. Wageni wanaotoka nje ya nchi hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Ikiwa unakusudia kutengeneza filamu yenyewe, Bodi ya Filamu ndiyo yenye mamlaka ya kibali, na ulizia mapema.

Panga kazi kwa kalenda ya Kusini. Mavuno ya korosho huanza karibu na Septemba na mauzo huendelea hadi kuingia mwaka mpya. Wakati huo wazee wako mashambani lakini fedha inapoingia vibanda hujaa. Basi vibanda vitazame katika msimu, na mahojiano ya wazee uyafanye msimu ukishatulia, ukikumbuka kwamba masika huharibu barabara za ndani. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, hata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Somanga, kwa hiyo safari ya tarehe isiyobadilika, kama usaili au utetezi wa tasnifu, iwe na siku za akiba.

Ukifika kwa mzee wa Mikindani au Mingoyo, kaa kwanza. Toa shikamoo, jitambulishe kwa ukoo na kijiji kabla ya chuo, eleza unachotafuta na kitakakokwenda, na uombe ruhusa ya kurekodi kabla ya kutoa simu mfukoni. Maswali mapana huzaa majibu matupu. Ukimuuliza bibi, "Sinema ilikuwa na athari gani katika jamii?" atakujibu kwa adabu jambo ambalo anadhani unataka kulisikia. Muulize, "Bibi, ile siku gari la sinema lilipokuja, ulikwenda na nani? Mlikaa wapi? Wanawake walikaa upande gani? Mlirudije usiku?" Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokupa historia, na athari utazitoa mwenyewe.

Kuna mipaka. Watu wa Kusini wana jando na unyago, na siku hizi sherehe za kuwatoa wali, yaani vijana waliomaliza jando au unyago, hurekodiwa kwa video na kusambazwa. Kilichofanyika hadharani unaweza kukiandika kwa ruhusa. Kilicho cha ndani kibaki ndani, hata kama umekipata kwenye simu ya mtu, na hata kama msimamizi wako ana hamu nacho. Sura za watoto usizichapishe. Majina ya waliohojiwa yabadilishe isipokuwa mwenyewe ametaka jina lake litajwe, na wazee wengi hutaka; mheshimu anayetaka.

Nyaraka za maandishi zitafute Dar es Salaam, katika Idara ya Nyaraka za Taifa, na katika sehemu ya Afrika Mashariki ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kumbuka kwamba Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara mwaka 1971, kwa hiyo mafaili ya zamani ya Lindi utayakuta chini ya Mtwara au chini ya Jimbo la Kusini la enzi ya ukoloni. Waombaji wengi huambiwa kwamba hakuna kitu kwa sababu wameomba kwa jina la mkoa ambao wakati huo haukuwapo. Katika intaneti kuna orodha ya filamu za kikoloni za Uingereza, Colonial Film, yenye maelezo ya filamu zaidi ya 6,000, na baadhi zinaweza kutazamwa bure.

Rekodi zako ziweke mahali pasipopungua matatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje iliyo katika nyumba nyingine, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Joto na chumvi ya pwani havina huruma na vifaa. Kila faili lipe jina lenye tarehe, mahali na namba ya mhojiwa siku hiyohiyo.

Umahiri na fedha zake

Umahiri unaweza kuusoma Dar es Salaam au Dodoma kwa muda wa takribani miaka miwili. Nje ya nchi, Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya kina idara inayofundisha filamu, na Chuo Kikuu cha Cape Town kina Kituo cha Mafunzo ya Filamu na Vyombo vya Habari. Miongoni mwa ufadhili unaojulikana ni ule wa Jumuiya ya Madola, wa DAAD ya Ujerumani, na Chevening ya Uingereza. Chevening hulipia umahiri wa mwaka mmoja, hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa miaka miwili. Kwa sharti hilo la uzoefu, mwaka au miwili ya kufundisha sekondari au kufanya kazi redioni Mtwara haipotei. Iandikie kumbukumbu na barua za mwajiri.

Pendekezo la utafiti ndilo hubeba maombi. Kurasa tano zinatosha kama zina swali moja linaloeleweka, maelezo ya nani ameandika nini kuhusu jambo hilo, mahali na watu utakaowatafiti, njia utakazotumia, na sababu ya wewe kuwa mtu sahihi wa kuifanya kazi hiyo. Hapa ndipo picha za ubao wa chaki na majedwali ya shoti hulipa. Mwombaji anayeandika, "Nitachunguza mchango wa filamu katika maendeleo," anafanana na mamia. Anayeandika kwamba tayari ana ratiba ya siku tisini ya vibanda viwili vya Masasi husomwa hadi mwisho.

Barua za wadhamini wa kitaaluma hutoka kwa walimu wanaokufahamu. Kuanzia mwaka wa pili, mtembelee mhadhiri mmoja au wawili ofisini kwao ukiwa na swali halisi kuhusu kazi uliyosoma, na uombe barua angalau wiki tatu kabla ya mwisho wa maombi, ukiambatisha pendekezo lako na matokeo yako.

Kuandika na kuchapisha

Makala ya kwanza itoke kwenye sura moja ya tasnifu ya umahiri. Ikate hadi ibaki hoja moja, uisome kwa sauti mbele ya wenzako, kisha uchague jarida kabla ya kuimalizia, kwa kuwa kila jarida lina urefu na mtindo wake wa marejeo. Journal of African Cinemas, ambalo Mtanzania Martin Mhando alikuwa miongoni mwa wahariri wake waanzilishi, ni la uwanja wetu hasa. Swahili Forum hupatikana bure mtandaoni na limechapisha makala kuhusu filamu za Kiswahili. Jarida la Umma la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupokea kazi za fasihi na sanaa, na anayeandika kwa Kiswahili ayafikirie majarida ya Kiswahili na Mulika ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, ya chuo hichohicho, hasa kama hoja yake inahusu lugha ya filamu au ya watafsiri.

Makala ikirudishwa na maelekezo ya kurekebisha, hiyo ni habari njema. Jibu kila hoja ya msomaji katika barua tofauti, moja baada ya nyingine. Jihadhari na majarida yanayokuandikia barua pepe ya sifa, yanaahidi kuchapisha ndani ya wiki moja, kisha yanadai malipo. Makala iliyotoka humo huweza kukataliwa siku ya kupandishwa cheo, na huwezi tena kuipeleka kwingine.

Hudhuria matamasha kama sehemu ya kazi. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, ndilo lililo karibu nasi, na kujitolea pale hukukutanisha na watengenezaji filamu, wahariri wa majarida na wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi nyingi. FESPACO ya Ouagadougou, iliyoanza mwaka 1969, isubiri hadi uwe na karatasi ya kuwasilisha na chuo cha kukulipia nauli.

Kuomba kazi na kuendelea

Nafasi za vyuo vikuu vya umma hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hufanyika katika Ajira Portal. Fungua akaunti na kuijaza kabla ya tangazo kutoka. Matangazo hayo kwa kawaida huweka ukomo wa umri wa miaka 45, hayapokei matokeo ya muda badala ya vyeti kamili, na hudai kwamba aliyesoma nje awe na uthibitisho wa TCU kuhusu shahada yake. Uthibitisho huo uutafute mara tu unaporudi nyumbani. Vyuo binafsi hutangaza vyenyewe, na barua iliyoandikwa kwa mkuu wa idara husika huweza kufungua mazungumzo hata kabla ya tangazo.

Usaili wa mwanataaluma mara nyingi huwa na sehemu ya kuandika na sehemu ya kuwasilisha mada. Kwa uwasilishaji, andaa somo moja la dakika kumi na tano unaloweza kulifundisha bila umeme. Kipande cha filamu kikikataa kufunguka, uwe na picha tatu zilizochapishwa za shoti unazozizungumzia, uzigawe kwa wajumbe na uendelee. Andaa pia jibu la swali ambalo huulizwa karibu kila mara: utafundisha masomo gani ya idara hii, ukiondoa lile unalolipenda? Mguu wako wa pili ndio unaolijibu.

Ukishaajiriwa kwa ngazi ya Mkufunzi Msaidizi au Mhadhiri Msaidizi, mzigo wa kufundisha na kusahihisha utajaa haraka, na bila mpango uzamivu utaahirishwa mwaka hadi mwaka. Tenga asubuhi mbili za wiki kwa ajili ya kuandika, uzitangaze kwa mkuu wa idara na usizikubalie kikao kisicho cha lazima. Mada ya uzamivu iwe mwendelezo wa swali uliloanza nalo, likiwa limepanuka: kutoka vibanda viwili vya Masasi hadi utazamaji wa pamoja katika ukanda mzima wa pwani ya kusini, au kutoka kumbukumbu za kijiji kimoja hadi filamu za ukombozi za pande mbili za Ruvuma. Likizo ya kwanza baada ya kusajiliwa rudi kwa wale uliowahoji, uwasomee kwa Kiswahili ulichokiandika kuhusu maneno yao, na urekodi masahihisho yao kama sehemu ya data ya sura inayofuata.